Sarufi ya Kiingereza na sikukuu zetu: mwongozo kamili kwa mwalimu wa sekondari

Mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza katika shule ya serikali Tanzania Bara amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya masomo yake. Januari akiripoti sekondari anakutana na Biolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Walimu wa masomo hayo wanakutegemea wewe umwandae, tena haraka. Ndiyo maana wengi wetu hukimbilia ubao: kanuni, mifano mitatu, zoezi la kujaza nafasi, tunasahihisha, tunasonga mbele. Mtoto anapata nane ya kumi. Kesho yake ukimkuta nje ya darasa ukamwuliza Jumapili alikwenda wapi, anajibu "I am go to church."

Kanuni ameisoma na zoezi amelipata. Alichokosa ni nafasi ya kuitumia kumwambia mtu jambo ambalo mtu huyo hakulijua. Sikukuu inaleta nafasi hiyo, kwa kuwa hakuna mtoto asiye na la kusimulia kuhusu sikukuu: nani alikuja, nani alichelewa, kilichopikwa, kilichomwagika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipanga sikukuu za mwaka ili kila moja ibebe kipengele kimoja cha sarufi, na namna ya kuendesha kipindi cha sarufi pamoja na shughuli inayokifuata. Nimeuandika nikilifikiria darasa la watoto sitini au themanini, vitabu vichache na ubao mmoja, maana hayo ndiyo madarasa tuliyo nayo.

Nisisitize jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Kupamba darasa na kuimba nyimbo mbili za Kiingereza ni burudani nzuri, lakini mtoto atatoka na sarufi ileile aliyoingia nayo. Shughuli ya sikukuu inafundisha pale tu ambapo mtoto hawezi kuimaliza bila kutumia kipengele ulichofundisha. Kipimo hicho ukipitishe kwenye kila shughuli utakayoibuni.

Hatua ya kwanza: panga kalenda ndani ya azimio la kazi

Chukua kalenda ya shule na uandike sikukuu zinazoangukia siku za masomo. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba, hivyo Krismasi ya tarehe 25 Desemba na hata Uhuru wa tarehe 9 haziwezi kusherehekewa darasani kwa wakati wake. Usizitupe. Zisubirishe hadi Januari, kwa kuwa sikukuu iliyokwisha pita ndiyo hasa inayodai wakati uliopita.

Januari pia kuna Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12. Muungano ni tarehe 26 Aprili, Saba Saba ya maonesho ya biashara tarehe 7 Julai, Nane Nane ya wakulima tarehe 8 Agosti. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huja mwezi Julai. Idi el-Fitri na Idi el-Hajj hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11, na inakubidi uzipange upya kila Januari. Mwalimu wa Kenya atatia Madaraka ya tarehe 1 Juni na Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba. Halafu kuna mahafali ya Kidato cha Nne, ambayo shule nyingi huyafanya kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Haya si sikukuu ya taifa wala ya dini, lakini kwa somo la Kiingereza ndiyo sherehe yenye utajiri kuliko zote, na nitayarudia kwa kirefu.

Chagua nne au tano tu. Ukizidisha, utajikuta unakimbiza sherehe badala ya kufundisha. Kila uliyoichagua iandike kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji wa mwaka, pamoja na kipengele chake cha sarufi, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, lionyeshe umahiri unaotafutwa. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia akakuta watoto wamesimama na wanazungumza kwa sauti, andalio ndilo litakalomweleza kinachoendelea.

Hatua ya pili: yatafute makosa kabla ya kuchagua kipengele

Wiki ya kwanza wape kazi ndogo isiyo na alama: waandike sentensi sita kuhusu sikukuu ya mwisho waliyoiona. Soma madaftari yote na uandike pembeni aina za makosa na mara zinavyojirudia. Utaona kwamba mengi si ya uzembe. Yanatoka kwenye Kiswahili ambacho mtoto anakijua vizuri sana, na ukilijua chimbuko la kosa utajua la kueleza.

Mtoto anaandika "My mother she cooked" kwa kuwa kwetu "mama alipika" ina kiambishi cha nafsi ndani ya kitenzi, naye anaona lazima nafsi hiyo aitafutie neno. Anachanganya "he" na "she" kwa kuwa "a-" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. Anaandika "the goat which we slaughtered it" kwa kuwa "mbuzi ambaye tulimchinja" ina "-m-" inayomrejelea mbuzi. Anaandika "although it rained, but we went" kwa kuwa "ingawa" na "lakini" huandamana katika maneno yetu ya kila siku. Makosa haya yaeleze waziwazi, kwa Kiswahili ikibidi. Dakika tatu za Kiswahili zinazomfungua mtoto macho ni bora kuliko nusu saa ya Kiingereza asichokielewa.

Baada ya hapo oanisha. Kipengele kinachosumbua zaidi kipe sikukuu inayokidai chenyewe. Vipengele vingine havifai kubebeshwa sikukuu, na mfano mkubwa ni matumizi ya "a" na "the". Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo, na matumizi yake hukomaa polepole mno. Yape dakika tano za kila siku mwaka mzima, kwa kusoma aya fupi na kuuliza kwa nini mwandishi ameweka hiki na si kile.

Hatua ya tatu: kipindi cha sarufi, kwa mfano wa Januari

Tuseme tunaanza na Krismasi na Mwaka Mpya, na kipengele ni wakati uliopita. Una kipindi cha dakika 40 cha sarufi, kisha siku nyingine vipindi viwili vilivyofuatana kwa ajili ya shughuli.

Anza na vitenzi. Andika kumi na viwili visivyofuata kanuni, vile vinavyohitajika nyumbani siku ya sikukuu: went, came, ate, drank, bought, gave, saw, met, woke, slept, sang, broke. Usimwage orodha ya vitenzi hamsini kutoka nyuma ya kitabu. Kumi na viwili vinavyotumika siku hiyohiyo vitakaa kichwani.

Kisha andika sentensi tatu, moja chini ya nyingine:

She went to Moshi.
Did she go to Moshi?
She did not go to Moshi.

Kila mtoto anajua mabasi ya Moshi yanavyojaa Desemba, kwa hiyo hakuna muda wa kupoteza kueleza muktadha. Waulize "went" imepotelea wapi katika sentensi ya pili na ya tatu. Waache wafikiri. Hapa ndipo penye mzizi wa "Did you went" na "I didn't went" ambazo utazisikia hadi Kidato cha Nne. Kwa Kiswahili alama ya wakati uliopita haitoki ndani ya kitenzi: "alikwenda", ukiuliza ni "alikwenda?", ukikanusha ni "hakukwenda", ambapo "-ku-" bado imo humohumo. Kiingereza kinaihamisha alama hiyo na kuipa "did", na kitenzi kinarudi katika umbo lake la msingi. Alama ni moja tu kwa sentensi. Wakiiona mara moja ubaoni, "did" na "go" zikiwa zimepigiwa mstari, wataikumbuka.

Sasa mazoezi ya mdomo. Gawa darasa kati: upande wa madirisha na upande wa mlango. Upande mmoja unatamka "I ate pilau," wa pili unajibu kwa swali "Did you eat pilau?" Pitia vitenzi vyote kumi na viwili, kisha badilisheni pande, kisha fanya kukanusha. Dakika kumi zinatosha. Makelele yatakuwepo, na ni makelele yenye manufaa. Mwombe tu mwalimu wa darasa la jirani radhi mapema.

Maliza kipindi kwa jambo dogo linalosahaulika: kujibu swali la kukanusha. Ukimwuliza mtoto kwa Kiswahili "Hukusafiri?" naye hakusafiri, atasema "Ndiyo, sikusafiri." Kwa Kiingereza "Didn't you travel?" hujibiwa "No, I didn't." Jibu linafuata ukweli wa tendo, halimkubalii aliyeuliza. Watu wazima wenye shahada bado huteleza hapa, na kutoelewana kunakotokea kazini kwa sababu hiyo si kudogo. Zoezi la maswali sita, kila mtoto na jirani yake, kisha kengele.

Hatua ya nne: shughuli yenyewe

Siku ya vipindi viwili, kila mtoto achore katika daftari lake jedwali la vyumba tisa. Hakuna haja ya kurudufu karatasi. Andika ubaoni maneno haya wayanakili, moja kwa kila chumba: went to another region, ate pilau, woke up before sunrise, sang in a choir, helped in the kitchen, met an old friend, broke a plate or a glass, saw the sea or a lake, slept after midnight.

Kazi ni kumtafuta mwanafunzi aliyefanya kila tendo na kuandika jina lake chumbani. Jina moja haliruhusiwi kuonekana mara mbili. Anayeuliza lazima aulize swali kamili. Anayejibu lazima aseme "Yes, I did" au "No, I didn't" na kuongeza sentensi moja ya ukweli.

Angalia kilichofichwa humo. Jedwali limeandikwa "ate" lakini mdomo unatakiwa kusema "Did you eat". Limeandikwa "broke" lakini swali ni "Did you break". Mtoto hawezi kusoma tu kilicho mbele yake. Kila chumba kinamlazimisha kufanya ule uhamisho mliouona ubaoni. Umbo lililo kwenye karatasi likiwa tofauti na linalohitajika mdomoni, sarufi inafanya kazi yenyewe.

Darasa la themanini haliwezi kutembea ovyo. Weka utaratibu huu: mstari wa mbele unageuka kutazama wa pili, wa tatu unageuka kutazama wa nne, na kadhalika. Kila dakika tatu unapiga makofi, na mistari iliyogeuka inasogea nafasi moja kushoto. Wa mwisho anazunguka kwenda mwanzo. Baada ya dakika kumi na tano kila mtoto amezungumza na watu watano, tena kwa Kiingereza, kwa hiyo usitarajie ajaze zaidi ya vyumba vitano. Kiranja asimamie muda, wewe uwe huru kusikiliza.

Kisha taarifa. Ita watoto kumi, kila mmoja aseme sentensi mbili kuhusu mwenzake: "Neema met an old friend. She did not sleep after midnight." Hapa ndipo "he" na "she" zinapopata mazoezi, bila wewe kufundisha kipindi kingine.

Hatua ya tano: kusahihisha

Watoto wakiwa wanaongea, usimkatize yeyote. Tembea na daftari lako, andika sentensi kama ulivyozisikia. Ukimkatiza mtoto katikati ya sentensi yake ya kwanza ya hiari kwa Kiingereza, ya pili huenda usiisikie tena muhula huo.

Dakika kumi za mwisho andika ubaoni sentensi saba ulizozikusanya, bila majina. Tano ziwe na makosa, mbili ziwe sahihi. Wawili wawili waamue ipi ni ipi na warekebishe. Zile mbili sahihi ni muhimu: bila hizo watoto huzoea kudhani kila kilichoandikwa ubaoni ni kibovu, na huanza kuharibu hata kizuri. Kazi ya nyumbani ni aya ya sentensi nane kuhusu sikukuu aliyoiona mwenzake. Isiwe ya kwake mwenyewe, ili ajibidishe kusikiliza.

Mzunguko huu wa hatua ya tatu hadi ya tano ndio utakaourudia kwa kila sikukuu. Kinachobadilika ni kipengele na umbo la shughuli.

Idi el-Fitri: sentensi za sharti

Ramadhani huwa na siku 29 au 30. Jioni ya siku ya 29 watu wanasubiri tangazo, la Mufti kwetu, la Kadhi Mkuu kwa wenzetu wa Kenya. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, inakamilishwa thelathini. Sijaona tukio linalofaa zaidi kufundishia sharti linalowezekana:

If the moon is sighted tonight, we will celebrate tomorrow.
If it is not sighted, we will fast one more day.

Kosa la kutarajia ni "If the moon will be sighted", kwa sababu tunasema "kama mwezi utaonekana". Waonyeshe kwamba upande wa "if" hautaki "will", ingawa jambo lenyewe ni la baadaye. Lipo na kosa la pili lililojificha. "-ki-" yetu hubeba maana mbili ambazo Kiingereza kinazitenganisha. "Mwezi ukiandama" ni jambo lisilo na uhakika, hivyo "if". "Idi ikifika" ni jambo la hakika, hivyo "when". Mtoto akiandika "If Eid comes, I will visit my grandmother", msomaji ataelewa kwamba huenda Idi isifike kabisa.

Shughuli: makundi ya watu watano, kila kundi ni familia moja jioni ya siku ya 29. Wanajenga mnyororo. Wa kwanza anasema "If the moon is sighted, my aunt will come." Wa pili anaanzia hapo: "If my aunt comes, we will cook biriani." Wa tatu: "If we cook biriani, I will peel the potatoes." Kila "will come" inageuka "comes" mtoto anapoipokea, na "-s" ile ya nafsi ya tatu inapata mazoezi bila kutajwa. Mnyororo wa pili uanze na "If the moon is not sighted". Mwisho mtoto mmoja anatoa karatasi kwenye boksi na kusoma tangazo, na kila familia inasimama kueleza itakachofanya.

Ukifanya shughuli hii ndani ya mwezi wenyewe, iweke vipindi vya asubuhi na usiwakimbize watoto wala kuleta chakula cha kuonja, wengi wamefunga. Mapishi ya pilau darasani, ambayo ni njia nzuri ya kufundisha "how much rice" na "how many onions", yangoje hadi baada ya Idi.

Mwaka Kogwa: kauli ya kutendwa

Makunduchi watu husherehekea mwaka mpya wenye asili ya kalenda ya jua ya Washirazi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, wanawake huimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wageni hukaribishwa chakula. Sherehe ya namna hii, ambayo tendo ni muhimu kuliko mtendaji, huelezwa kwa kauli ya kutendwa: "A small hut is built. It is set on fire. Songs are sung by the women. Visitors are welcomed."

Kiswahili kinasaidia hapa, maana "hujengwa" na "huchomwa" watoto wanazijua. Kinachowatatiza ni mambo mawili. Kitenzi lazima kiwe katika umbo la tatu (build, built, built), wala isiwe "is build". Na "kwa" ya kifaa ni "with" huku "na" ya mtendaji ikiwa "by": kibanda hujengwa kwa makuti, nyimbo huimbwa na wanawake.

Andika sentensi kumi za sherehe kwenye vipande vya karatasi, zichanganye, makundi yazipange kwa utaratibu, kisha kila kundi litoe mtembeza wageni mmoja atakayewaeleza "watalii" wa kundi jingine. Shule iliyo mbali na pwani itumie sherehe ya kwao, ya mavuno au ya harusi, mradi watoto waijue wenyewe.

Saba Saba: kulinganisha

Hii ni nyepesi. Watoto walete vitu vya nyumbani, vikapu, chupa, ndoo, mikeka, na kila dawati liwe banda la maonesho. Muuzaji mmoja, wateja wawili, na mteja haruhusiwi kuchagua kabla ya kulinganisha vitu viwili kwa sentensi tatu. Makosa yatakayojitokeza ni "big than", kwa kuwa kivumishi chetu hakibadiliki mbele ya "kuliko", na "more cheaper". Nane Nane inaweza kufanywa vilevile kwa mazao, ukiongeza "how much" na "how many".

Mahafali: kadi na risala

Mahafali yana kitu ambacho sikukuu nyingine hazina: kadi zitaenda kwa wazazi wa kweli na risala itasikika na mgeni rasmi wa kweli. Mtoto anayejua kwamba maandishi yake yatasomwa na mtu wa nje huyarudia mara tatu bila kusukumwa. Omba kamati ya mahafali ikupe kazi hizi wiki sita kabla.

Kidato cha Kwanza na cha Pili waandike kadi za mwaliko. Kipengele ni "at", "on" na "in", pamoja na saa. Kiswahili kinasema "ukumbini", "Jumamosi", "saa nane" bila kuhitaji neno la kutangulia, hivyo watoto hubahatisha. Wape mpangilio mmoja: "at" kwa saa, "on" kwa siku na tarehe, "in" kwa mwezi, mwaka na ukumbi. Saa ndiyo yenye hatari. Mtoto akiandika "at 8 o'clock" akimaanisha saa nane mchana, mgeni asiyetumia saa za Kiswahili atafika asubuhi. Fanyeni mazoezi ya kuongeza au kupunguza sita mpaka yawe mepesi: saa nne asubuhi ni 10 a.m., saa nane mchana ni 2 p.m. Usisahau "usiku wa kuamkia Jumamosi", ambao kwa Kiingereza ni "on Friday night". Kila mtoto atunge kadi moja, darasa lichague tatu zilizo safi, na hizo ndizo ziandikwe upya kwenye karatasi za manila au kuchapwa.

Kidato cha Tatu na cha Nne waandike risala. Risala ina shukrani, mafanikio, changamoto na maombi kwa mgeni rasmi, na sehemu ya mafanikio inadai "have" na umbo la tatu la kitenzi kila mstari. Fanya hivi. Siku ya kwanza waandike orodha ya mambo yenye tarehe: "We joined this school in January 2023." Siku ya pili orodha ya mambo yasiyo na tarehe, ambayo matokeo yake yanaonekana leo: "We have planted trees around the football pitch." Siku ya tatu waziunganishe.

Kwa nini orodha mbili? Kwa sababu "-me-" yetu inavumilia tarehe. Mtu husema "mgeni amekuja jana" na hakuna anayeshangaa. Kwa Kiingereza "has come yesterday" haisemwi. Ukitaja wakati uliokwisha, unarudi kwenye "came". Watoto wakizitenganisha orodha kwa mikono yao, wanaiona mipaka. Vilevile "We are here since 2023", inayotokana na "tupo hapa tangu", igeuzwe kuwa "We have been here since 2023". "Since" ni ya mwanzo wa muda, "for" ni ya urefu wake.

Katika kuhariri, tafuta ile "it" ya ziada: "the laboratory which the parents built it". Na sehemu ya maombi isiwe na amri. "Give us computers" hakumfai mgeni rasmi. "We would like to ask you to help us get computers" ndiyo adabu ile tunayoijua kwa Kiswahili, ikiwa imevaa maneno ya Kiingereza.

Msomaji wa risala asichaguliwe kwa sauti nzuri peke yake. Wafanye watano mazoezi ya kuisoma mbele ya darasa, na darasa lipige kura.

Mambo ya kuchunga

Darasa lina Waislamu, Wakristo na wasio na sikukuu hizo. Zungumzieni chakula, safari, wageni na kazi za nyumbani. Ibada yenyewe iachwe kwa wenyewe, na mtoto asitakiwe kutamka dua au wimbo wa imani isiyo yake.

Kuna watoto waliokula ugali na maharage siku ya Krismasi, na kuna waliofiwa mwezi huohuo. Maswali kama "What new clothes did you get?" yanawaumiza mbele ya wenzao. Ndiyo maana jedwali la Januari halina kitu cha kununuliwa, na ndiyo maana aya ya nyumbani inahusu sikukuu ya mwenzake, si ya mtoto mwenyewe. Michango ya fedha kwa ajili ya shughuli hizi isiwepo kabisa.

Kuhusu alama: shughuli ya mdomo usiipe alama za makosa. Ipe alama ya kushiriki tu, na kipengele cha sarufi kipimwe katika aya iliyoandikwa baadaye. Sahihisha kipengele kimoja ulichokifundisha kwa kalamu nyekundu na uyaache mengine kwa siku zake. Daftari lililojaa wekundu halisomwi.

Anayejifunza peke yake

Kwa mtu mzima asiye na darasa, wawili au watatu wanatosha. Baada ya kila sikukuu simulianeni kwa dakika tatu kila mmoja huku simu ikirekodi, kisha sikilizeni mkiwa na daftari na mkitafuta kosa la aina moja tu, kwa mfano "did" iliyofuatwa na kitenzi cha wakati uliopita. Rekebisheni, simulianeni upya siku hiyohiyo, na muwe mnaihifadhi rekodi ya pili kwa kuipa jina la sikukuu na mwaka ili mwakani muilinganishe na mpya.